Wateja Thelathini na Mmoja, Kifua Kimoja

Katika mtaa mzima, kuanzia kituo cha mafuta hadi lami inapoishia, hakukuwa na mtu aliyeijua sayansi ya kompyuta kama Bibi Pindo. Masomo yake aliyajua kwa majina, mwaka kwa mwaka, na angeweza kukutajia yote huku pini tatu ziko mdomoni. Sema tu majina yenyewe yalikuwa manne, na moja kati ya hayo manne, Uhandisi wa Vitufe, alilibuni mwenyewe siku mteja mmoja alipombana kwa maswali.

Bibi Pindo alikuwa fundi cherehani. Wageni aliwaambia kwamba jina hilo alipewa kwa umahiri wake. Wenyeji walijua kwamba alipewa kwa sababu hakushona kitu kingine. Zamani alishona magauni na suti, lakini macho yalipoanza kumwangusha akarudi nyuma hatua kwa hatua, hadi akabaki na kufupisha suruali, kushusha sketi na kubadilisha zipu. Shule aliishia ya msingi, na hata huko hesabu alizifaulu kwa kukaa nyuma ya msichana mwenye kichwa chepesi na daftari lililo wazi.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana la kutazama barabarani, kioo kirefu chenye ufa, meza ya pasi, na cherehani mbili za kukanyaga. Ya pili ilikuwa ya shoga yake, Mama Vifungo. Huyu alikuwa na kazi mbili: kutoboa tundu za vifungo, na kumtoboa Bibi Pindo kila alipoanza kujivuna. Walikuwa wamekaa pamoja miaka ishirini na miwili, na kazi ya pili ndiyo iliyokuwa na wateja wengi.

Sasa kuhusu hiyo kompyuta. Mjukuu wa Bibi Pindo, mtoto wa bintiye wa pekee, alikuwa mwaka wa tatu, wa mwisho, chuo kikuu. Kila Jumamosi alikuja dukani, akavuta kigoda, na bibi yake akamhoji kama askari wa mpakani.

"Wiki hii mmeifungua?" Bibi Pindo aliuliza katika ule mwaka wa kwanza. Alidhani kompyuta husomwa kwa bisibisi.

"Kufungua nini, Bibi?"

"Si hiyo kompyuta."

"Bado hatujaigusa sana. Muhula huu ni hesabu tupu. Mantiki, seti, na jinsi ya kuthibitisha."

"Kuthibitisha nini?"

"Kwamba jambo ni kweli."

"Kwani hamna macho, muangalie tu?"

Mwaka wa pili ulikuwa na raha zaidi, kwa sababu zilikuja algoriti. Mjukuu alimwaga kopo zima la vifungo juu ya meza ya pasi, akagawa mafungu mawili sawa, akawapa wazee wake mashindano ya kuvipanga kuanzia kidogo hadi kikubwa. Bibi Pindo alitakiwa atafute kidogo kuliko vyote, akiweke kando, kisha atafute kingine, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mama Vifungo aligawa fungu lake nusu, na nusu ya nusu, hadi akabaki na kimoja kimoja, kisha akaviunganisha viwili viwili, vinne vinne. Mama Vifungo alimaliza, akanywa chai, akasuuza kikombe, na Bibi Pindo bado alikuwa anatafuta kile kidogo kuliko vyote.

"Umeona?" mjukuu alisema. "Vifungo ni vilevile. Tofauti ni njia tu. Hiyo ndiyo tunayosoma."

"Nimeona kwamba umenipa vilivyo vigumu," alisema Bibi Pindo.

Hata hivyo, kuanzia siku ile, mteja akiuliza habari za mjukuu alijibiwa, "Tumemaliza algoriti. Sasa tuko kwenye hifadhidata." Tumemaliza! Mama Vifungo alikanyaga cherehani yake kwa nguvu ili kicheko kisisikike.

Na mwaka wa tatu je? Hapo mambo yalimzidi hata yeye.

"Kuna somo moja," mjukuu alisema, "linatuonyesha kwamba yako maswali ambayo kompyuta haitayajibu kamwe, hata uipe miaka milioni."

"Na mwalimu wenu anayajua?"

"Maswali anayajua. Majibu ndiyo hayapo."

"Basi hiyo kazi hata mimi ninaiweza," alisema Bibi Pindo. "Waambie waniite."

Mwishowe ukaja mradi wa kumalizia. Kila mwanafunzi alitakiwa atengeneze programu kwa ajili ya mtu halisi mwenye kazi halisi, mtu huyo aitumie wiki nne, na kila lalamiko lake liandikwe. Bila mradi, hakuna shahada. Mjukuu hakufikiria mara mbili. Alikuja na daftari jipya na kalamu iliyochongwa vizuri, akaketi mbele ya bibi yake kama mwandishi wa habari.

"Bibi, hatua ya kwanza ni kumuuliza mtumiaji. Niambie, mteja akija unampima nini?"

Hapo ndipo Bibi Pindo alipojipalia makaa. Jibu la kweli lilikuwa fupi mno: ninapima mguu, naandika namba kwenye kikaratasi, nakibana kwa pini juu ya nguo, basi. Lakini mtoto alikuwa amenyanyua kalamu, na macho yake yaling'aa, na dukani walikuwepo wateja wawili. Sasa mtu mwenye jina zima mtaani atasema anapima mguu?

"Andika," alisema, akajinyoosha mgongo. "Bega. Kifua. Kiuno. Nyonga. Shingo. Urefu wa mkono. Kifundo cha mkono. Paja. Urefu wa suruali. Na mgongo, kutoka shingoni mpaka hapa."

"Kila mteja, vyote kumi?"

"Kila mteja. Fundi anayeacha hata kimoja huyo ni mharibifu."

Mama Vifungo alitazama dari. Mjukuu akaandika, akapiga mstari chini ya neno *vyote*.

Baada ya wiki tatu akaleta kompyuta ya zamani iliyofutwa vumbi, akaiweka kwenye kona ya meza ya pasi. Programu ilikuwa na jina la duka juu, na chini yake visanduku kumi vyeupe.

"Nimeifanya iwe makini, Bibi. Ukiacha kisanduku kimoja wazi, haikubali kuhifadhi. Kama ulivyosema."

"Safi kabisa," alisema Bibi Pindo, na mate yakampalia.

Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa lori la mikate. Alitaka suruali yake ipunguzwe inchi mbili, na lori alikuwa ameliacha linanguruma barabarani. Bibi Pindo alimpima mguu, akaenda kwenye kompyuta, akabonyeza kwa kidole kimoja jina, akabonyeza urefu wa suruali, akabonyeza *Hifadhi*. Maandishi mekundu yakatokea: *Tafadhali jaza kifua.*

"Kifua cha nini?" aliiuliza ile kompyuta. "Huyu ana haraka."

Akabonyeza tena. *Tafadhali jaza kifua.* Akabonyeza kwa nguvu zaidi, kama anavyobonyeza pasi kwenye jinzi. *Tafadhali jaza kifua.*

"Mwite umpime," alisema Mama Vifungo.

"Nimpime kifua mtu aliyeleta suruali? Atanionaje?"

Dereva alishaondoka. Bibi Pindo alisimama pale na futi shingoni, anaichungulia kompyuta, nayo inamchungulia. Kisha akageuka, akajizungushia futi mwenyewe. Kifua, akaandika. Bega, akaandika. Akaenda hivyo hadi visanduku vikajaa, na maandishi ya kijani yakamwambia asante.

"Umemwandikia dereva kifua chako?" Mama Vifungo aliuliza.

"Nimemwazima."

Mteja wa pili naye aliazimwa, na wa tatu, hadi vile vipimo tisa vikamkaa Bibi Pindo kwenye vidole kama hesabu za kuzidisha. Cha kumi tu, urefu wa suruali au wa sketi, ndicho kilichokuwa cha mwenye nguo.

Jumamosi mjukuu alikuja na daftari. "Malalamiko, Bibi?"

Hii ndiyo ilikuwa nafasi yake. Alifungua mdomo. Lakini aseme nini? Kwamba ile orodha ya vipimo kumi ilikuwa majivuno? Kwamba kompyuta, aliyoisomea miaka mitatu pale kwenye kigoda, ilimshinda siku ya kwanza kwa dereva wa mikate? Na mtoto alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo hakuwa ametabasamu tangu mitihani ianze.

"Hakuna," alisema. "Ni nzuri mno. Inateleza kama hariri."

Jumamosi nne alisema hivyo hivyo. Mjukuu aliandika *hakuna* mara nne, akapeleka ripoti, na siku iliyofuata akaja dukani mbio, amevaa blauzi ya mtihani.

"Bibi, mhadhiri anakuja hapa. Leo saa tisa."

"Kufanya nini?"

"Amesema hajawahi kuona programu ya mwanafunzi isiyo na lalamiko hata moja. Anataka akuone unaitumia. Asiporidhika, mradi umeanguka, na mradi ukianguka..." Alianza kupanga mikasi iliyokuwa imeshapangwa.

Mama Vifungo alimtazama Bibi Pindo kwa jicho la *sema sasa*. Bibi Pindo akamrudishia la *nyamaza*.

Saa tisa na dakika mbili mhadhiri akaingia. Alikuwa mwanamume mrefu mwembamba, begi begani, sauti ya chini, na upindo wa mguu wake wa kushoto umeshikwa kwa pini za stepla. Bibi Pindo aliziona zile pini kabla hajamwona uso.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo suruali uliipeleka kwa fundi au ofisini?"

Mhadhiri alijitazama mguuni, akacheka kidogo. "Basi vizuri. Mimi ndiye mteja. Nipime, uniingize kwenye programu, kama unavyofanya kila siku. Mwanafunzi asikusaidie."

Kupima mguu? Hilo lilikuwa jambo la kufumba macho. Bibi Pindo alipiga goti, akapima, akanyanyuka, akaenda kwenye kompyuta. Akaandika *Mwalimu*. Akaandika arobaini na tatu kwenye urefu wa suruali. Na kwa sababu ya wiki nne za mazoea, vidole vikaendelea vyenyewe bila kumuuliza: kumi na sita, arobaini na nne, na kadhalika na kadhalika, mpaka kijani ikasema asante. Hapo ndipo akili ilipofika, imechelewa.

Mhadhiri aliinama kwenye kioo cha kompyuta. "Bibi, kifua changu umekipima saa ngapi?"

"Kwa macho. Fundi mzoefu hana haja ya futi."

"Arobaini na nne?" Alijitazama kifua, kilichokuwa bapa kama ile meza ya pasi. Kisha akavuta kigoda, akafungua orodha ya wateja, akaanza kushuka nayo taratibu.

"Dereva wa mikate, kifua arobaini na nne. Mke wa kinyozi, arobaini na nne. Mlinzi wa benki, arobaini na nne. Nyonga, arobaini na nane. Wote arobaini na nane." Aliinua kichwa. "Watu thelathini na mmoja, bila kunihesabu mimi."

"Ni ukoo mmoja," alisema Bibi Pindo, kwa macho makavu.

Mhadhiri alimgeukia mjukuu, na sauti yake ikawa ya chini zaidi. "Mwanafunzi, Bibi hapa amekariri namba. Nani amemkaririsha?"

"Sielewi, mwalimu."

"Mimi ninaelewa. Hukupata wateja, ukabuni data, ukanakili mstari mmoja mara thelathini na moja, ukabadilisha urefu tu. Kisha ukamfundisha bibi yako cha kubonyeza. Kuanguka mradi ni jambo dogo, unarudia mwaka. Kughushi data unapelekwa kwenye kamati, na kutoka huko watu hawarudi darasani."

Mjukuu alimtazama bibi yake. Hakulia, na afadhali angelia. Alikuwa na sura ya mtu anayetafuta kosa kwenye kazi yake mwenyewe na halioni.

Bibi Pindo alipiga moyo konde. Alitoa futi shingoni, akaikunja, akaikunjua.

"Mtoto hajui chochote," alisema. "Hivyo vipimo ni vyangu."

"Vyako kivipi?"

"Vya mwili wangu. Mimi nakunja pindo, mwanangu. Pindo na zipu. Hayo mengine yote nilimdanganya alipokuja kuniuliza. Nilijiona mkubwa. Akaniamini, akaweka visanduku kumi, na hicho chombo kikawa hakinipokei bila vifua vya watu. Ningevitoa wapi? Nikajipima. Yeye kila Jumamosi aliniuliza kuna tatizo, nami kila Jumamosi nikasema hakuna."

"Bibi!" mjukuu aliruka. "Wiki nne nimekuuliza! Ungesema tu, ningeondoa sharti la kujaza vyote. Ni kazi ya dakika kumi!"

"Ulikuwa umefurahi."

"Nilikuwa ninangoja ulalamike! Ndiyo maana ya lile daftari!"

Mhadhiri alijikuna kidevu. "Hii ikiwa kweli," alisema polepole, "ni ripoti nzuri kuliko ile niliyoletewa. Mtumiaji analazimishwa kutoa habari asizonazo, anaingiza za uongo ili chombo kimwachie. Hayo tunayafundisha kwa kutumia vitabu, na hapa yako mbele yangu. Ningempa wiki mbili arekebishe, na angefaulu." Akafunga kalamu yake. "Lakini Bibi, mwaka jana baba wa mwanafunzi alikuja akaniapia kwamba yeye ndiye aliyefuta kazi ya mwanawe. Nikamwambia aiwashe kompyuta. Akaifunua kama mkoba, akatafuta kitasa. Wazazi wanapenda watoto wao. Mimi nahitaji uthibitisho."

Kuthibitisha tena! Bibi Pindo aliona hilo somo la mwaka wa kwanza limemfuata hadi dukani.

"Basi nipimeni," alisema.

"Mjukuu hapana. Mtu asiye ndugu."

Mama Vifungo alinyanyuka kwenye cherehani yake. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akaichukua futi. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameisubiri siku kama hii bila kujua anasubiri nini.

"Simama wima, shoga. Usijikaze."

"Nani anajikaza?"

"Bega," alisoma kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Kumi na sita."

Mhadhiri alitazama kompyuta. "Kumi na sita. Sawa."

"Kifua. Inua mikono. Arobaini na nne."

"Sawa."

Mjukuu alianza kupumua. Shingo ikawa sawa. Mkono ukawa sawa, na kifundo chake. Mgongo sawa, paja sawa. Nyonga zilihitaji futi izungushwe kwa uangalifu, kwa sababu Mama Vifungo alikuwa anatikisika kwa kicheko alichokizuia, lakini nazo zikatoka arobaini na nane kamili, na mhadhiri akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Kimebaki kimoja," alisema. "Kiuno."

"Hivyo vilivyotangulia havitoshi?" aliuliza Bibi Pindo. "Mtu ukishapata vinane umeshapata."

"Kiuno, Bibi."

"Mwalimu ana safari ndefu, atachelewa."

Mama Vifungo alishamzungushia futi. Aliisoma, akaisogeza karibu na dirisha, akaisoma tena, akaweka kituo kwanza kama msoma taarifa ya habari.

"Arobaini na moja."

Mhadhiri alishuka na orodha hadi chini, akapanda nayo hadi juu. "Hapa ni thelathini na nne," alisema. "Kwa wote. Dereva wa mikate thelathini na nne. Mlinzi wa benki thelathini na nne. Hata mimi umenipa thelathini na nne."

Mjukuu alifumba macho. Bibi Pindo alikuwa anachunguza ufa wa kile kioo kirefu kana kwamba ulitokea asubuhi ile.

Kisha mhadhiri akafungua kalamu, akaandika kitu kwenye fomu, akaitia saini, akampa mwanafunzi. Mabega ya mhadhiri yalikuwa yanaruka ruka kwa kicheko.

"Mwanafunzi anayeghushi angehakikisha namba zote zinalingana," alisema. "Hii hapa haiwezi kubuniwa darasani. Wiki mbili, urekebishe visanduku, na safari hii usimwamini mtumiaji kwa maneno, kaa naye umtazame akifanya kazi." Akamgeukia mwenye duka. "Lakini, Bibi, hicho kiuno kilitoka wapi?"

"Ni changu," alisema Bibi Pindo, akajivuta blauzi ikae vizuri. "Siku ile nilijipima kabla sijala."

"Inchi saba?" alisema Mama Vifungo, futi bado iko mkononi mwake. "Ulikuwa hujala tangu lini?"